Somo: Mapigano ya bastola mezani kwa karata, dadu na kete tano

Tunacheza mchezo wa kuigiza hadithi mezani, ambamo kila mchezaji anaendesha mhusika wake, na pigano lililotufanya tuandike upya kanuni zetu lilichukua saa mbili. Makauboi wanne walisimama kwenye barabara ya vumbi wakipigana risasi, kila mmoja akimpunguzia mwenzake "nguvu" kutoka 30 hadi 24, hadi 19, hadi 11. Hakuna aliyeogopa. Mchezaji mmoja alikuwa akijibu ujumbe kwenye simu ilhali mhusika wake ana risasi tumboni. Nikaona kwamba kanuni tulizozizoea, zilizotungwa kwa ajili ya mapanga na madubwana, haziwezi kubeba bastola.

Nikarudi kwenye historia. Tarehe 26 Oktoba 1881, mjini Tombstone, Arizona, ndugu watatu wa ukoo wa Earp pamoja na Doc Holliday walikabiliana na kundi la akina Clanton na McLaury katika kiwanja chembamba kando ya nyumba ya mpiga picha. Zilipigwa risasi zipatazo 30 kwa sekunde zipatazo 30. Watatu walikufa, watatu wakajeruhiwa. Walianza wakiwa wamekaribiana hatua chache tu, na bado risasi nyingi zilikosa. Kanuni zangu zote zimetoka hapo: pigano liwe fupi, na hofu ianze kabla ya risasi ya kwanza.

Andaa dadu mbili, karata za kawaida, pamba kidogo, na kete za bao. Kama huna kete, punje za mahindi zinatosha.

Hatua ya 1: Maneno kwanza

Usiruhusu mtu yeyote aseme "natoa bastola" kabla kila upande haujasema neno. Uliza nani amebeba silaha na kwa nini. Tombstone ilikuwa na sheria iliyokataza kubeba silaha ndani ya mji, na Virgil Earp, mkuu wa polisi wa mji, alikwenda pale kuwanyang'anya akina Clanton na McLaury silaha. Ukiweka sheria hiyo kwenye mji wako wa mchezo, kila bastola inayoonekana kiunoni tayari ni ugomvi, na wachezaji wataanza kuzungumza wenyewe bila kusukumwa.

Kisha kila mhusika anapimwa Moyo. Mpe alama ya Moyo kati ya 0 na 3 mnapounda wahusika. Anarusha dadu mbili, anajumlisha Moyo wake, na akifika 7 yuko imara. Asipofika, achague: aondoke sasa hivi, au abaki huku mkono unatetemeka, yaani apunguziwe 1 katika kila risasi. Kuondoka kusiwe na adhabu wala dhihaka mezani. Ike Clanton, aliyekuwa ametoa vitisho tangu usiku, hakuwa na silaha pigano lilipoanza, alikimbia, akapona. Mdogo wake Billy alibaki, akafa.

Hatua ya 2: Ngumi au kiganja

Kila mpiganaji anapewa karata moja kifudifudi. Bila kuiangalia, anaficha mkono chini ya meza. Ukihesabu tatu, wote wanauonyesha. Ngumi maana yake haraka: unapiga mapema, lakini unapunguziwa 2. Kiganja maana yake kutulia: unawasubiri wote wenye ngumi wamalize, kisha unapiga bila kupunguziwa. Sasa funueni karata. Ndani ya kila kundi, mwenye karata kubwa anatangulia, na ree ndiyo kubwa kuliko zote.

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu mchezaji anajiamulia hatari yake mwenyewe. Wild Bill Hickok na Davis Tutt walipopigana Springfield, Missouri, tarehe 21 Julai 1865, walikuwa mbali kiasi cha mita 70 na walifyatua karibu wakati mmoja. Tutt alikosa. Hickok alimpiga.

Hatua ya 3: Kufyatua

Rusha dadu mbili, ongeza Shabaha ya mhusika (0 hadi 2). Ndani ya chumba unahitaji 7. Hatua kumi nje, 8. Ng'ambo ya barabara, 10. Mbali zaidi, 12. Aliyejificha nyuma ya pipa au nguzo, mpigaji anapunguziwa 2.

Ijue hesabu yake kabla hujabadilisha chochote. Dadu mbili zina matokeo 36. Yanayofika 8 ni 15, yanayofika 10 ni 6 tu. Kwa hiyo asiye na Shabaha anayepiga kwa haraka hatua kumi atapata mara moja kati ya sita. Ni kidogo, na nimeiacha hivyo makusudi.

Hatua ya 4: Kete tano

Kila mwenye rivolva anapewa kete tano mbele yake. Si sita. Rivolva ya Colt ya mwaka 1873 ina matundu sita, lakini watu waangalifu waliacha tundu moja tupu chini ya nyundo, maana pigo kwenye nyundo hiyo lingeweza kufyatua risasi. Anayetaka ya sita apewe. Ila akianguka au akiruka kutoka kwenye farasi, arushe dadu moja, na ikija 1 amejipiga mguuni.

Bastola hiyo huvutwa nyundo kwa kidole gumba kabla ya kila risasi, hivyo zamu moja ni risasi moja. Kuijaza ni kazi ya subira: unafungua kilango cha pembeni, unasukuma ganda nje, unaingiza risasi mpya, unazungusha silinda. Zamu moja, kete moja. Mchezaji akibaki na kete moja, utamwona anavyoishika.

Hatua ya 5: Moshi

Kila risasi inayopigwa, weka kipande cha pamba mbele ya mpigaji. Baruti ya miaka hiyo ilitoa moshi mzito mweupe. Baruti isiyo na moshi ilipatikana Ufaransa mwaka 1884, na Tombstone ya 1881 haikuijua. Kila pamba iliyo kati yako na unayemlenga inakupunguzia 1, mwisho 3. Nje, ondoa pamba moja kila zamu ikiisha. Ndani ya baa hakuna inayoondoka mpaka mtu afungue mlango. Baada ya zamu mbili hakuna anayemwona mwenzake vizuri, na pigano linaisha lenyewe kwa watu kutambaa.

Hatua ya 6: Jeraha

Futa zile nguvu 30. Aliyepigwa anarusha dadu moja. 1 au 2: imemkwaruza. 3 au 4: ameumia, anapunguziwa 2, na lazima apimwe Moyo tena ili aendelee. 5: yuko chini, anahitaji daktari. 6: anakufa, lakini mpe nafasi ya kusema maneno yake ya mwisho.

Aliyeumia asipone kesho yake. Virgil Earp alishambuliwa gizani tarehe 28 Desemba 1881. Daktari George Goodfellow alimwondolea vipande vya mfupa, na mkono wake wa kushoto ukawa kilema maisha yote.

Hatua ya 7: Asubuhi yake

Walio hai waulizwe maswali. Baada ya pigano la Tombstone, akina Earp na Holliday walifikishwa mbele ya jaji Wells Spicer, na uamuzi wa kutowashtaki ulitoka tarehe 30 Novemba, zaidi ya mwezi mmoja baadaye. Kwetu, kikao cha namna hiyo huchukua muda mrefu kuliko pigano lenyewe, na hakuna anayegusa simu.

Maswali ya wanachama

*Asante kwa somo, mkuu. Watu wawili wakiwa na karata za namba ileile, nani anaanza?*

Hakuna. Wanafyatua pamoja na risasi zote mbili zinahesabiwa. Wanaweza kuanguka wote.

*Kaka, mchezaji wangu akifa mapema anakaa bure usiku mzima. Huoni ni ukatili?*

Nimelifikiria sana hilo, ndugu yangu. Mpe papo hapo mtu wa mji: mwenye baa, fundi viatu, mjane wa marehemu. Huyo ndiye atakuwa shahidi mbele ya jaji. Kwetu dada mmoja aliyempoteza mhusika wake alirudi kama mama wa marehemu, na kesi nzima ikamzunguka yeye.

*Na kupigapiga nyundo kwa kiganja ili risasi zitoke mfululizo?*

Ruhusu. Kete tatu kwa zamu moja, kila risasi inapunguziwa 4, pamba tatu mbele yake. Akijaribu mara moja ataelewa.

*Vipi shotigani?*

Ina risasi mbili tu. Ndani ya hatua kumi ongeza 2, na jeraha lirushiwe dadu mbili, uchukue kubwa. Ng'ambo ya barabara marisau yanatawanyika: punguza 2. Holliday alimuua Tom McLaury kwa shotigani, kwa karibu.

*Mimi nina wachezaji sita na majambazi kumi. Si tutakesha?*

Majambazi wote wapewe karata moja na Moyo mmoja. Mmoja wao akianguka, warushe dadu kwa ajili ya kundi zima. Wasipofika 7, wanapanda farasi.

*Wachezaji wangu wanalalamika kwamba wanakosa mno.*

Shusha kila namba kwa 1, ujaribu usiku mmoja. Ila hatua ya kwanza usiiguse.