Kuomba kibali cha ndege ya mbao uliyojijengea: mimi nilichomeka kwa mizani

Wacha niandike hii kabla hasira iishe, maana nimepima ndege moja mara mbili kwa pesa yangu mwenyewe na sitaki mtu mwingine wa huku Kisumu, ama Nakuru, ama kule Kitale, apitie ile kitu. Yangu ni ya mbao, ya mtu mmoja, bawa liko chini, injini ya Volkswagen, nimeijenga nyuma ya nyumba huku Mamboleo miaka minne na majirani walikuwa wanajua ni boti mpaka siku nilitoa mabawa nje.

Ya kawaida napita mbio. Wenye shughuli ni KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Kenya, ndege ikisajiliwa inapewa herufi zinazoanza na 5Y, fomu ziko mtandaoni, PIN ya KRA unayo, sitakufundisha kujaza jina lako. Leseni ya rubani ni habari ingine kabisa, kujenga ndege hakukupi ruhusa ya kuirusha. Lakini andika barua KABLA hujanunua hata mbao moja, useme unataka kujenga nini, michoro umetoa wapi, mbao gani, gundi gani, injini gani, na uulize wanataka kuja kuangalia ukifika wapi. Ukingoja mpaka ndege iishe na ipakwe rangi umejiua, kwa sababu bawa la mbao likishafungwa plaiwudi ni kama mandazi, huwezi jua kama ndani imeiva mpaka uikate.

So kabla ya kufunga, piga picha kila kiungio ukiweka rula kando. Na kila ukichanganya gundi, gundisha vipande viwili vya mabaki, andika tarehe na joto la siku hiyo, kesho yake uvunje. Mbao ikipasuka na gundi ikabaki imeshika, uko sawa. Gundi ikiachia na mbao ikabaki safi, hiyo kazi ya jana yote ni bure, rudia. Mimi vipande vyangu niliweka kwa mkebe mkubwa wa unga wa maziwa, na mkaguzi alikaa na huo mkebe kuliko alivyokaa na ndege yenyewe.

Plaiwudi pia usicheze nayo. Kuna fundi mmoja Kibuye, mzee ananiheshimu na mimi namheshimu, aliniambia, "Omera, plaiwudi ni plaiwudi, hiyo ya kuagiza ng'ambo ni kutupa pesa." Nikamwambia, "Mzee, leta kipande chako nilete changu tuchemshe kwa sufuria moja." Tulichemsha saa nzima kwa jiko la makaa. Yake ya kabati ilifunguka kurasa kurasa kama daftari imelowa, yangu ya bachi (birch, plaiwudi ya ndege) ikatoka vile iliingia. Mzee akacheka, akaniambia basi nimuachie hiyo yangu atengeneze kijiko.

Sasa mizani.

Kwa faili lazima kuwe na ripoti ya uzito na kitovu cha uzito, yaani ndege ina kilo ngapi na hizo kilo zinakaa wapi. Mimi nilidhani ni formality. Nilikodisha mizani tatu kwa jamaa wa kupima mizigo, siwataji, wakachukua dipoziti na haraka sana, stika ya kalibresheni, ile ya kuonyesha mizani imehakikiwa, ilikuwa imeexpire na mimi sikuangalia, nikapima, nikajaza fomu, nikatuma. Tena nilipima kabla ya rangi. Mkaguzi alifungua karatasi, akaangalia picha, akaniuliza kwa upole tu, "Injinia, hapa kwa picha ndege iko na rangi. Ulipima kabla ama baada?" Nikajua nimeisha. Na hakukosea, hiyo ni swali yenye iliniokoa maisha.

Angalia hesabu. Umbali wote napima kutoka ukingo wa mbele wa bawa. Magurudumu makubwa yako sentimita 10 nyuma ya hapo, kigurudumu cha mkia sentimita 400. Kabla ya rangi magurudumu mawili yalibeba kilo 181, mkia kilo 12.5. Zidisha kila uzito na umbali wake, jumlisha, gawanya kwa uzito wote, 6,810 kwa 193.5, unapata sentimita 35.2. Weka mimi na kilo zangu 80 kwa kiti, sentimita 75, tanki tupu, inafika 46.8. Mchoro unasema mwisho wa nyuma, kitovu kisipite hapo, ni 47. Nikafurahi, nikanunua soda.

Baada ya rangi, mbele 183, mkia 14. Kilo moja na nusu tu ya fila na rangi huko nyuma, maana nilipenda mkia ung'ae. Lakini ile kilo moja na nusu iko mita nne kutoka mahali pa kupimia, ni kama mtoto mdogo amekaa mwisho kabisa wa bembea ya ubao. Na tanki likijaa, kilo 18 kwa sentimita 15, inasoma 46.4, iko ndani! Ungeruka ukijua uko salama. Sasa tanki langu liko mbele ya rubani, kwa hivyo petroli ikiisha kitovu kinarudi nyuma polepole, na tanki likiwa tupu ni 48.5. Ndege inatoka nyumbani ikiwa mzuri na inarudi kutua ikiwa mkia mzito, mahali ikistall, yaani bawa likiacha kubeba, inaweza kukataa kushusha pua. Kwa hivyo usipige hesabu ya tanki limejaa peke yake, piga ya tanki tupu, na rubani mzito, na rubani mwepesi.

Dawa haikuwa kuongeza uzito wa risasi (lead) kwa pua. Betri ya kilo 5 ilikuwa nyuma ya kiti, sentimita 130, nikaihamisha mpaka kwa ukuta wa injini, sentimita 30 mbele ya bawa. Ikashuka 45.6 tanki likiwa tupu. Bei ya dawa, waya mita mbili. Bei ya kupima upya, usiniulize.

Siku ya kupima, dai cheti cha kalibresheni mkononi kabla mizani ishuke kwa pikap. Pimia ndani, milango imefungwa, asubuhi, kwa sababu mchana upepo wa ziwa ukianza bawa linaanza kubeba na namba zinacheza. Inua mkia mpaka ndege ikae level, usipime ikiwa imekalia mkia, na kile kistuli cha kuinulia mkia pima peke yake utoe. Oili iwe ndani, petroli nje, chini ya viti usisahau spana kama mimi. Umbali pima na timazi mpaka sakafuni, usikopi kwa mchoro, ndege yako si mchoro.

Kuna broka alinipigia akisema kwa elfu kumi na tano faili "itasukumwa". Nikamuuliza inasukumwa na nani akakata simu. Kwa cyber nilikoscan stakabadhi system ilikuwa down siku mbili, karani akaendelea kunywa chai kama ni yeye ameizima. Scan nyumbani na simu.

Mkipewa ruhusa ya majaribio ndio mnaanza kutrimu, yaani kurekebisha ndege iruke sawa bila kuishikilia. Jua injini isiyo na turbo hapa Kisumu, zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, imeshapoteza karibu sehemu moja kwa kumi ya nguvu, na Nakuru ni karibu sehemu moja kwa tano, so usishangae ikipanda kizembe, hiyo si trimu. Yangu ilikuwa inavuta bawa la kushoto. Watu wote wanakimbilia kukunja kibati cha aileroni, kile kipande cha nyuma ya bawa cha kuinamisha ndege. Kwanza angalia kebo zimekazwa sawa, pima pembe ya kila bawa na level, angalia kama mpira wa geji ya kuonyesha ndege inaruka upande uko katikati, maana ndege ikiruka upande bawa lazima lishuke. Mimi ilikuwa usukani wa mkia, nikakunja kibati chake cha alumini milimita tatu, bawa likanyooka lenyewe. Kitu kimoja kwa kila safari, andika kwa logi milimita ngapi na spidi gani. Na usiongeze kibati kipya nyuma ya kitu kinachozunguka kwa bawaba bila kumuuliza mkaguzi, uzito huko nyuma unaweza kuleta mtetemo unaong'oa kitu chote kwa sekunde chache.

Rangi mkiani, pakeni mkono mmoja tu.