Unapomrekodi Bibi
Ukimrekodi bibi akisimulia ngano kwa Kiha huku akianika dagaa pale Ujiji, mwombe ruhusa kwanza, kisha umsikilizishe rekodi yote kabla hujaituma kokote, kwani uhuru wa kuamua nani asikie sauti yake ni wa kwake, si wetu wajukuu wenye simu. Bibi yangu alikataa kipande kimoja tu, wimbo wa msibani, nami nikakifuta palepale mbele yake. Vipande vilivyobaki, unapovituma kwa WhatsApp, viambatishe kama hati, kwa sababu video ikitumwa kwa njia ya kawaida hubanwa na kupoteza ubora. Nakala nyingine iweke kwenye memori kadi, na jina la faili liwe na tarehe na kijiji alikozaliwa msimulizi.