Kisumu kwa Siku Moja na Marafiki wa Nyumbani: Mwongozo kwa Mnaokuja Likizo

Nimekulia Nakuru, naishi Uingereza, na kila ninaporudi likizo marafiki niliosoma nao hunidai safari moja: Kisumu, twende alfajiri turudi kabla ya usiku kuingia. Tumeshakwenda mara nne. Mara mbili tulifurahi kweli, mara mbili tulirudi tumenuniana, na barabara haikuwa na kosa lolote. Kilichotuharibia ni pesa na pupa. Ndiyo maana naanza na pesa.

Safari ya pili tulikuwa saba, na hakuna aliyekuwa ametaja mchango. Bili ya samaki ilipowekwa mezani, maongezi yalikatika. Mmoja akainamia simu yake, mwingine akaenda kunawa mikono aliyokuwa ameshainawa. Nikatoa kadi nikalipa yote, nikidhani nimetenda wema. Miezi kadhaa baadaye rafiki yangu mmoja akaniambia alikuwa ameweka akiba ya siku ile kwa wiki mbili, na nilipolipa bila kumuuliza alijiona kama mtoto aliyebebwa mgongoni. Iliniuma, maana alisema kweli.

Siku hizi tunapanga wiki moja kabla. Tunakubaliana kiasi ambacho hata yule ambaye kazi zake hazijasimama vizuri anakiweza. Mweka hazina ni mtu anayeishi nyumbani. Anapokea michango kwa M-Pesa na kuandika kwenye kikundi chetu cha WhatsApp nani ametoa. Mimi najitwika kitu kimoja, kwa kawaida mafuta ya gari, na nakitaja mapema mbele ya wote ili asiwepo wa kubahatisha. Ndugu yangu unayetoka ng'ambo, ukitaka kuongeza kitu, mpe mweka hazina kimyakimya. Na kabla hujasafiri hakikisha laini yako ya Kenya bado inafanya kazi. Ikikaa muda mrefu bila kutumika hufungwa, na utajikuta huwezi hata kumlipa mtu wa tuktuk.

Sasa njia. Nakuru hadi Kisumu kupitia Mau Summit, Londiani na Kericho ni kama kilomita 180, na mkiondoka saa 11 alfajiri mtakuwa ziwani kwenye saa 3 au 4 asubuhi. Bebeni sweta, maana Londiani huwa na baridi na ukungu. Mkishuka kutoka kwenye majani chai ya Kericho kuelekea uwanda wa Kano, joto linaanza kupanda ndani ya gari, na mkifika kwenye mashamba ya mpunga ya Ahero kila mtu ameshavua sweta na madirisha yote yako wazi. Napenda sana kipande hicho cha njia. Wenzangu waliozoea hulala, mimi siwezi.

Mkiingia mjini, nendeni Dunga kwanza. Wengi huzunguka mjini asubuhi wakaacha ziwa kwa ajili ya jioni, na hapo ndipo wanapokosea. Asubuhi maji huwa yametulia. Mchana ukisogea upepo huongezeka, na mvua za radi za alasiri hapo si jambo la kushangaza. Dunga ni ufuo wa wavuvi kusini mwa mji, kando ya kinamasi cha mafunjo kinachojulikana kwa ndege wake. Simameni kidogo pale samaki wanapopakuliwa. Akina mama huparua magamba kwa kisu kwa kasi, magamba yanaruka na kuwagandia mikononi kama sarafu ndogondogo, na makorongo wamesimama hatua chache nyuma wakisubiri matumbo. Msalimu mama kabla ya kutoa simu ya kupigia picha. "Oyawore, Mama", yaani habari za asubuhi kwa Kiluo, inatosha kufungua mlango. Ukimaliza mwambie "erokamano", asante. Hao ni watu walio kazini, na picha yao huombwa.

Kuhusu mashua, kubalianeni bei na muda kabla mguu haujaingia ndani: nusu saa au saa nzima, bei ni ya mtu mmoja au ya mashua nzima. Kisha kila mtu avae jaketi la kuokoa maisha na kulifunga, hata yule anayejua kuogelea. Mashua ikikosa jaketi za kuwatosha, shukeni mtafute nyingine. Hapa sibembelezi mtu. Mkibahatika mtaona viboko wakitoa masikio juu ya maji. Mwendeshaji akizima injini na kukaa mbali nao, msimsukume asogee. Wakati mwingine gugu maji huziba njia, zulia la kijani lenye maua ya zambarau, na safari hufupishwa. Msimlaumu mtu kwa hilo.

Msitie miguu majini. Najua joto linavuta, na watoto wa hapo mtawaona wakiogelea, lakini Ziwa Victoria lina kichocho.

Chakula cha mchana ni samaki, na jambo hilo halina mjadala. Kama uliondoka miaka mingi iliyopita ukiwa na kumbukumbu ya vibanda vya mabati vya Lwang'ni pale ufukweni, jiandae: vilibomolewa. Samaki bado wapo kwingi. Omba kumwona kabla hajapikwa. Mfunue shavu: likiwa jekundu na jicho liking'aa, ni wa leo. Uliza pia kama ngege, yaani tilapia, ni wa ziwani, wa kufugwa, au wa barafu aliyetoka China, kwa sababu wote watatu wanauzwa Kenya na wewe ndiye unayelipa. Sisi huagiza ngege wakubwa wawili wa mchuzi kwa watu watatu, kuon, yaani ugali, na osuga, ile mboga ambayo wengine tunaiita mnavu. Mbuta, yaani sangara, ni mtamu pia, ila mimi namwona ni mgeni; aliletwa ziwani miaka ya 1950. Hesabu saa nzima ya kusubiri samaki apikwe. Tumieni saa hiyo kuongea. Ndiyo iliyokuleta kutoka ng'ambo.

Baada ya kula chagueni mahali pamoja tu. Mkiwa na watoto, nendeni Makumbusho ya Kisumu kwenye barabara ya Kericho, ambayo yatawaangukia njiani mkirudi Nakuru. Kuna boma kamili la Kiluo, nyumba ya mke wa kwanza ikiwa mahali pake na ya wa pili mahali pake, na kuna nyoka, mamba na samaki wa ziwani. Wapenda wanyama waende Hifadhi ya Swala ya Kisumu kando ya ziwa. Huko malipo ni kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, kwa hiyo lipeni mapema mkiwa na intaneti nzuri. Kila mtu abebe kitambulisho au pasipoti, maana raia na mgeni hawalipi sawa. Mwenye pasipoti ya nje pekee ajipange kwa bei ya wageni. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi tangu Juni 2020, basi njooni na chupa za kujazia.

Kit Mikayi, jiwe la mke wa kwanza, liko kama kilomita 29 magharibi mwa mji kwenye barabara ya Bondo. Mila za mahali hapo ziliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2019. Panastahili siku yake. Tulilazimisha kulichomeka safari ya kwanza na tukawa watu wa kushuka, kupiga picha, kupanda gari.

Machweo ya ziwa, mnamo saa 12 na nusu jioni, ni mazuri kuliko nitakavyoweza kueleza. Wanaotoka Kakamega, Vihiga au Siaya wabaki wayaone. Sisi wa Nakuru tunaondoka saa 9 alasiri, au tunalala. Pale Londiani, Juni 2023, lori liliua watu zaidi ya 50 kando ya barabara, na sitaki tupite mteremko ule usiku tukiwa na dereva aliyeamka saa 9 usiku. Mkitaka machweo, wekeni pesa ya chumba kwenye mchango tangu mwanzo.

La mwisho ni malaria. Kanda ya ziwa inayo mwaka mzima, na miaka uliyokaa ughaibuni imekupunguzia kinga uliyokuwa nayo. Watoto waliozaliwa huko hawana kabisa. Muone daktari wiki kadhaa kabla ya kusafiri akupe dawa ya kinga, na uimalize hata ukisharudi. Homa inaweza kukushika umeshasahau safari, uko kazini, unadhani ni mafua. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na utamke "Kisumu" na "malaria" kabla daktari hajakuuliza ulikuwa wapi.