Mgonjwa mmoja, faili moja: kazi ya mapokezi katika zahanati za Moshi

Zahanati ikiacha madaftari na kuhamia kwenye kompyuta, mgonjwa mmoja huanza kuwa na mafaili mawili, matatu. Hili si jambo dogo. Mtu aliyeandikwa kwamba penisilini inamdhuru anafunguliwa faili jipya lisilosema chochote, na daktari anamwandikia dawa ileile.

Usianze kutafuta kwa jina la ukoo. Andika Massawe au Mushi hapa Moshi uone orodha itakavyojaa kioo. Urio naye kesho ataandikwa Uriyo. Omba kwanza kadi yenye namba ya faili. Hana? Omba kitambulisho cha taifa, cha NIDA: namba yake ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo 19840317 ni 17 Machi 1984. Akikosa vyote viwili, tafuta kwa tarehe ya kuzaliwa na herufi tatu za mwanzo za jina lake la kwanza. "Eli" itawaleta Elizabeth na Elisabeth pamoja. Kisha muulize jina la mama mzazi na kijiji. Namba ya simu haitoshi, maana simu moja hutumiwa na bibi, binti na wajukuu.

Asiyejua tarehe yake asiandikiwe tu 1 Januari. Wazee wa 1 Januari wakishakuwa wengi, huwezi kuwatofautisha. Weka mwaka wa kukadiria na uandike kwenye maelezo kwamba ni makadirio.

Kila wiki toa orodha ya wanaofanana tarehe na jinsia. Kuunganisha mafaili kufanywe na mtu mmoja mwenye idhini, mwingine akihakiki. Hapa mapacha ndio mtego: tarehe moja, ukoo mmoja, mama mmoja, kijiji kimoja. Kuunganisha watu wawili ni kubaya kuliko kuacha mafaili mawili, kwani majibu ya VVU ya mmoja yatasomwa kuwa ya mwenzake.

Desemba, watu wanaporudi nyumbani kutoka Dar na Arusha, ongeza mtu mapokezi. Foleni ndefu ndiyo inayomfanya karani afungue faili jipya bila kutafuta.

Umeme ukikatika, tumieni fomu za karatasi zilizopigwa namba mfululizo, ziingizwe siku hiyohiyo kwa utaratibu uleule wa kutafuta kwanza. Fomu iliyoingizwa iandikwe namba ya faili juu kulia; isiyo na namba hiyo ihesabiwe kuwa bado.