Taa ya filta ya dizeli haizimi? Chomoa plagi kabla hujanunua sensa

Taa ya filta kwenye mkonga wangu, Land Cruiser ya injini 1HZ, iliwaka nikitoka Chunya na mahindi, napandisha Kawetere. Fundi akabadilisha filta. Baada ya siku nne akabadilisha tena. Taa ipo tu. Safari ya tatu nikafungua boneti mwenyewe.

Taa hii huwashwa na sensa inayohisi maji ndani ya filta, kwa hiyo anza kwa kutoa maji. Zima injini, weka chupa tupu chini ya filta, legeza kizibo cha chini mizunguko miwili hivi, kisha bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo hutangulia, na ndani ya chupa utaona mstari unaoyatenga. Yakitoka mengi, sensa ni nzima. Kagombane na aliyekuuzia dizeli ya madumu.

Imetoka dizeli tupu? Chomoa plagi ya waya mbili ya sensa, washa injini. Taa ikizima, kosa liko kwenye sensa. Ikibaki, achana na sensa, fuata waya: mahali fulani umechubuka, unagusa bodi. (Gari za kompyuta, nyingine hulalamika plagi ikichomolewa, kwa hiyo kipimo hiki usikiamini huko.)

Yangu ilizima. Nikafungua sensa. Ndani mna boya lenye sumaku: halielei kwenye dizeli, ila maji yakifika linapanda, sumaku inafunga swichi, taa inawaka. Langu lilikuwa limenata juu, limegandiwa na uteute mweusi kama ugoro uliolowa. Filta mpya mbili, na sensa ikahamishwa na uchafu wake! Nikaisugua kwa mswaki mkuukuu na dizeli safi. Bisibisi weka mbali.

Kisha mita ya umeme, ikiwa kwenye kipimo cha mlio, kwenye pini mbili za sensa. Boya likiwa chini, kimya; igeuze sensa, boya likimbilie upande wa pili, mita inalia. Ikilia pande zote, au isilie kabisa, hapo sasa nunua.

Oringi (mpira wa duara unaoziba sensa) usirudishie ya zamani. Hapo mafuta yanavutwa, hayasukumwi, kwa hiyo oringi mbovu inaweza isidondoshe hata tone huku inaingiza hewa, na asubuhi unapiga stata mpaka betri inachoka. Mpya ipake dizeli, kaza sensa kwa mkono, piga pampu mpaka iwe ngumu, ndipo uwashe. Yangu ilikohoa mara moja, ikashika.