Kudhibiti kasi ya prosesa kwenye Linux ili betri ya kompyuta mpakato idumu

Watu wengi wanaotaka betri yao idumu hukimbilia kuishusha kasi ya prosesa hadi mwisho, na mara nyingi hawapati walichotarajia. Umeme unaoliwa na prosesa ikiwa kazini huongezeka sambamba na masafa yake, yaani kasi yake inayohesabiwa kwa megahezi, lakini huongezeka kwa kipeo cha pili cha volti. Kwa hiyo hasara kubwa iko kule juu kabisa, ambako volti hulazimika kupandishwa ili zipatikane megahezi mia chache za mwisho. Ukishuka kupita kiasi nako, kazi ambayo ingeisha upesi huburuzika, prosesa huchelewa kuingia katika usingizi wake mzito, na muda wote huo skrini na kumbukumbu zinaendelea kula umeme. Cha kufanya, basi, ni kukata kilele cha juu na kuiacha prosesa imalize kazi ilale.

Anza kwa kupima. Chomoa chaja, weka mwangaza wa skrini kama unavyoutumia siku zote, subiri dakika chache mashine itulie, kisha andika amri hii kwenye terminal (dirisha la amri) usome jibu lake:

cat /sys/class/power_supply/BAT0/power_now

Jibu huja kwa maikrowati: 8400000 ni wati 8.4, na kwa mwendo huo betri yenye wati-saa 50 itadumu karibu saa 6. Kwenye baadhi ya mashine betri huitwa BAT1, na nyingine hazina faili hilo bali zina current_now na voltage_now, ambazo itabidi uzizidishe mwenyewe. Soma mara kadhaa, kwa sababu namba hiyo haitulii, kisha uandike wastani wake mahali.

Hatua inayofuata ni kujua nani anayeshika usukani:

cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/scaling_driver
cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/scaling_governor

Amri ya kwanza hutaja kiendeshi, yaani sehemu ya Linux inayoiamuru prosesa, ya pili hutaja kanuni inayotumika kupanga kasi. Prosesa za Intel kuanzia kizazi cha Sandy Bridge kwa kawaida huendeshwa na intel_pstate. Za AMD za miaka ya karibuni huendeshwa na amd-pstate, kiendeshi kilichoingia katika kerneli (kiini cha Linux) 5.17 mwaka 2022. Na mashine za zamani hutumia acpi-cpufreq. Usiruke hatua hii, kwa maana kanuni ya powersave haifanyi kazi ile ile kila mahali. Chini ya acpi-cpufreq huifunga prosesa kwenye masafa ya chini kabisa, kazi iwepo isiwepo, na hapo schedutil, kanuni inayopandisha na kushusha kasi kufuata kazi iliyopo, ndiyo inayofaa zaidi. Chini ya intel_pstate katika hali yake ya kawaida, powersave huacha kasi ipande na kushuka kulingana na kazi iliyopo, na hakuna sababu ya kuiogopa. Maelekezo mengi ya zamani hayatofautishi hali hizi mbili, ndiyo maana hupotosha.

Prosesa zinazojipangia kasi zenyewe, kama za Intel tangu Skylake ya 2015, zina kitu bora zaidi, nacho ni faili la energy_performance_preference. Humo unaieleza prosesa ielemee upande gani, na mimi hupendekeza balance_power kwa matumizi ya betri, kwa kuwa power yenyewe huweza kuufanya mfumo uonekane mzito:

echo balance_power | sudo tee /sys/devices/system/cpu/cpu*/cpufreq/energy_performance_preference

Ukijibiwa "Device or resource busy", angalia kanuni inayotumika. Huenda ni performance, ambayo haikubali upendeleo mwingine. Badilisha kwanza iwe powersave, kisha urudie amri.

Kilele chenyewe hukatwa kwa kuzima turbo, yaani uwezo wa prosesa kuvuka kasi yake ya msingi kwa muda. Tumia echo na sudo tee kama hapo juu. Kwenye intel_pstate andika 1 ndani ya /sys/devices/system/cpu/intel_pstate/no_turbo. Kwenye acpi-cpufreq andika 0 ndani ya /sys/devices/system/cpu/cpufreq/boost. Kwa kuandika barua na kusoma kurasa hutaona tofauti kubwa, ila kutengeneza programu kubwa kutoka katika msimbo wake (compile) kutachukua muda mrefu zaidi.

Mabadiliko haya yote hufutika mashine ikizimwa. Ili yadumu, na yatumike pale tu chaja inapochomolewa, sakinisha TLP, programu ya kusimamia matumizi ya umeme, na uweke mistari hii katika /etc/tlp.conf:

CPU_ENERGY_PERF_POLICY_ON_BAT=balance_power
CPU_BOOST_ON_BAT=0

Kisha endesha sudo tlp start. Kama mfumo wako ulikuja na power-profiles-daemon, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, chagua moja kati yake na TLP, kwa sababu zikiachwa pamoja kila moja huweza kufuta mipangilio ya mwenzake.

Sasa rudia kipimo cha mwanzo, kwa mwangaza ule ule na programu zile zile. Ikiwa wati hazijashuka, tatizo haliko kwenye kasi: sakinisha powertop, programu ya kuchunguza matumizi ya umeme, kisha endesha sudo powertop utazame ni programu au kifaa gani kinachoiamsha prosesa mara kwa mara, kwani kivinjari chenye kurasa nyingi zilizofunguliwa kinaweza kumaliza faida yote uliyoipata.