Kabla hujaingiza timu ya raga uwanjani, hesabu pingili saba za shingo

Kinga ya meno, kila mchezaji awe na yake. Nguzo za goli zifungwe magodoro. Pete na hereni zivuliwe. Uwanja ukaguliwe mawe, maana viwanja vyetu huku Nyanda za Juu asubuhi ni malisho ya ng'ombe, jioni ndiyo raga. Hayo unayajua, sikai hapo.

Nakaa kwenye shingo.

Skramu, pale washambuliaji wa timu mbili wanapoinamiana na kusukumana kwa mabega kugombea mpira, usiipange kwa kuangalia nani mnene. Wale watatu wa mbele ndio wanaopokea msukumo wa wenzao, tena kwa mabega na shingo. Kijana ambaye hajafundishwa kunyoosha mgongo na kuweka mabega juu kuliko kiuno asisogee mstari wa mbele, hata kama mmepungukiwa. Mwambie refa mapema mcheze skramu ya kutosukumana, kanuni inaruhusu. Amri ni tatu tangu 2013: inama, shikana, ndipo ingia. Ziliwekwa hivyo ili kupunguza kishindo cha kugongana. Wapo makocha wanaokipenda hicho kishindo. Wakakitafute ngomani.

Kwenye kukaba, kichwa cha mkabaji kikae pembeni au nyuma ya anayekabwa, kisitangulie mbele ya mapaja yake, na macho yatazame juu. Anayeinamia na kutanguliza utosi ndiye ninayemtoa nje ya mazoezi mara moja, hata akinuna. Shingo iliyoinamishwa kidogo hunyooka kama fimbo. Ukigonga kwa utosi haina pa kukunjikia, nguvu yote inashukia kwenye mifupa.

Kabla ya filimbi ya kwanza, teua atakayeshika kichwa. Mtu mmoja, kwa jina, na wenzake wanne wa kumsaidia kugeuza. Mchezaji akianguka akalalamika shingo, au akizimia, huyo mmoja anapiga magoti kichwani pake, anakishika kwa mikono miwili na haachii. Kama ni kugeuza, anayeshika kichwa ndiye anayehesabu, wengine wanafuata sauti yake. Hakuna kumkalisha, hakuna kumpa maji, hakuna mjomba wa kutoka jukwaani kumnyoosha shingo. Pumzi ndiyo inatangulia yote: mishipa ya fahamu inayoendesha msuli wa kupumulia inatoka kwenye pingili ya tatu hadi ya tano ya shingo, kwa hiyo anayepumua kwa shida ni wa kukimbizwa bila mjadala. Kuweni na blanketi. Aliyeumia uti wa mgongo, ule uzi wa fahamu unaopita ndani ya mifupa, anaweza kushindwa hata kutetemeka ili apate joto, na Juni ya Mufindi unaijua.

Sasa lile lililonifundisha kwa fimbo.

Tulicheza karibu na Mafinga, tukashinda. Huka wetu, yule wa katikati mstari wa mbele, alikuwa ameingiza kichwa vibaya kwenye skramu, akalala kidogo, akainuka mwenyewe, akacheza mpaka mwisho. Nilimuuliza, akasema, "Shingo imekaza tu, mwalimu." Nikampaka dawa ya kuchua, tukapanda basi. Makambako tuliposimama kununua mahindi, akampa mwenzake chupa ya maji amfungulie kifuniko. Kijana anayebeba magunia ya viazi Uyole anashindwa kifuniko! Tukamcheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Tulipofika Chimala akasema kidole kidogo na cha pete vimekufa ganzi, mkono wa kulia. Hapo kicheko kikaisha.

Usiku ule tulimpeleka kituo cha kwanza tulichokikuta. Wakapiga eksirei, wakasema mifupa iko sawa, wakatupa vidonge vya maumivu. Nikalala usingizi mzuri kabisa.

Kesho yake ganzi ikawa palepale. Tukaenda hospitali kubwa. Daktari akaichukua ile filamu, akaiinua dirishani, akaanza kuhesabu kwa ncha ya kalamu kutoka chini ya fuvu. Moja, mbili, tatu... sita. Chini ya hapo palikuwa na weupe mtupu, mabega ya kijana yalikuwa yameziba. "Shingo ina pingili saba, mwalimu. Ya saba iko wapi?" Kisha akagusa kidole kile cha ganzi: mshipa wake unapita chini ya hiyohiyo isiyoonekana. Kidole kilikuwa kimeshasema kila kitu tangu Chimala. Kipimo cha CT, eksirei ya kompyuta inayoonyesha mfupa kipande kwa kipande, kikaonyesha ufa kwenye pingili ya saba.

Alivaa kola ngumu miezi mitatu. Hakufanyiwa upasuaji, mkono ulirudi, kidole kidogo hakikurudi chote. Sasa anatushikia kibendera cha pembeni na raga hachezi tena.

Kwa hiyo ukiwa hospitali, uliza kwa heshima: picha imefika pingili ya saba na mfupa unaofuata? Kama mabega yameziba, ipo namna ya kupiga upya, mkono mmoja ukiwa umeinuliwa kama wa mwogeleaji, na CT inaona vizuri zaidi. Na eksirei safi haifuti ganzi, hasa kwa vijana. Uti wa mgongo unaweza kuumia mifupa ikiwa mizima, na hapo MRI, picha ya sumaku, ndiyo inayoonyesha. Madaktari wana kanuni iliyotoka Kanada mwaka 2001 ya kuamua nani apigwe picha, na aliyegonga utosi yumo moja kwa moja, hata kama ametembea kwa miguu yake. Kugeuza shingo kulia na kushoto kupima kama inaumia ni kazi yao, ya baadaye. Wewe usijaribu.

Kuna kitu kingine kinachotuchanganya. Mchezaji akikabwa mkono mmoja unaweza kuwaka moto kama umeme, ukapoa baada ya dakika chache. Mara nyingi ni mshipa wa fahamu uliovutwa. Mtoe nje, achunguzwe, asirudi siku hiyo. Lakini ikiwa ni mikono yote miwili, au mguu umeingia, huo si mshipa wa bega, ni uti wenyewe. Mlaze alipo.

Kurudi uwanjani: daktari aandike, shingo igeuke kote bila maumivu, nguvu ya mikono ilingane. "Najisikia poa" si cheti. Afrika Kusini tangu 2009 wana mafunzo ya usalama wa raga yaitwayo BokSmart, kocha na refa lazima wapitie. Sisi tunaanza na filimbi na jezi.

Na barabara pia. Jueni kabla ya mechi gari lipi linalaza mtu, siyo Noah ya kukunja watu. Machela ngumu ni ya kubebea, si ya kulazia mtu kwa muda wa saa tano, inachubua mgongo wa asiyehisi. Dereva asikimbie kwenye matuta ya Igawa. Simu iwe na chaji, na namba ya mzazi iwe kwenye karatasi, maana simu ya majeruhi ina nywila na majeruhi mwenyewe hana kidole cha kuifungulia.